Paka na punda wakizeeka, daktari yuko wapi?

Hapa Chula ukiulizia daktari wa mifugo utaelekezwa Kismayu, na huko utamkuta akishughulika na ng'ombe, mbuzi na ngamia wa kuuzwa. Hatuwezi kumlaumu. Saudi Arabia ilipofunga mlango kwa mifugo ya Somalia mwaka 2000, kwa hofu ya homa ya Bonde la Ufa, haikuufungua hadi 2009. Kila mfanyabiashara aliyepitia miaka ile anajua thamani ya cheti cha afya ya mnyama. Lakini cheti hutafutiwa mnyama mwenye bei. Paka wa miaka 13 hana bei.

Paka mmoja wa umri huo ninamjua. Bibi jirani yangu alirudi naye kutoka Mombasa kwa jahazi, ndani ya kikapu. Watu wanacheka hadi leo kwamba wenzake walibeba mabati na magodoro, yeye akabeba paka. Majuzi aliniita. "Mwalimu, mwanangu, huyu anakunywa maji kama ngamia, na nyama imemwisha mwilini." Mkononi alikuwa ameshika nusu kidonge cha Panadol.

Nilimsihi asimpe. Sisi tuliosomea ukimbizini Mombasa baada ya 1991 tulikua tukiona kidonge hicho kikitibu kila kitu, kuanzia homa hadi maumivu ya mgongo. Kwa paka ni sumu. Ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa hiyo kama letu, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumwua. Fizi hugeuka rangi ya kahawia au buluu, uso huvimba, pumzi humwishia. Bibi yule angemwua paka wake kwa huruma.

Nilimpigia simu daktari wa wanyama ninayemfahamu Mombasa. Swali lake la kwanza lilikuwa umri. Paka wa miaka 15, alisema, ni kama mtu wa miaka 76, na kiungo kinachomchokea mara nyingi ni figo. Figo zikishindwa kubana mkojo, paka hukojoa sana, kwa hiyo hunywa sana. Dalili hiyo hujitokeza wakati sehemu kubwa ya figo, kama thuluthi mbili, imekwisha kuharibika. Haiponi, ila mwendo wake unaweza kupunguzwa.

Basi asinyimwe maji hata kidogo. Wapo wanaoficha bakuli ili paka asikojoe ndani. Huko ni kumkausha mnyama. Kama kisima ni cha maji ya chumvi, mwekee maji ya mvua. Na papa mkavu aliyekolezwa chumvi, ambaye kwetu paka humpata bila kuomba, aondolewe kabisa. Apewe samaki mbichi? Hapana, si kila siku: baadhi ya samaki wabichi, hasa jamii ya dagaa, huharibu vitamini B1 mwilini mwake. Mchemshie bila chumvi, umtoe miiba, umwachie na mchuzi wake. Akisogelea chakula kisha akarudi nyuma, mfungue kinywa. Huenda ni jino bovu.

Meno ndiyo yanayomsumbua punda mzee pia. Wenzetu wanaokwenda Lamu watakumbuka hospitali ya punda iliyofunguliwa pale mwaka 1987 na shirika la Uingereza la The Donkey Sanctuary, wakati sehemu nyingine za pwani punda aliyechoka alikuwa akiachwa tu ajifie. Jino la punda huendelea kuchomoza kwa miaka mingi na kingo zake huwa kali, zikamkata shavu na ulimi. Akizeeka utamwona anatafuna nyasi kisha anatema mabonge. Mwenye mkokoteni wa maji humwona mvivu na kuongeza fimbo, kumbe mnyama ana njaa. Jino husawazishwa kwa tupa maalumu, kazi ya mtu aliyefundishwa, wengine wasijaribu. Akisubiri, akatiwe nyasi laini na pumba iliyoloweshwa. Akitunzwa, punda huweza kupita miaka 30.

Wewe unayevuka mpaka kwa biashara, kabla ya kumtafutia mtu dawa ya mnyama wake, mwulize umri, uzito, maji anayokunywa kwa siku na rangi ya fizi. Yaandike kwenye karatasi umpe daktari. Ukifika mikono mitupu atakuuzia dawa ya minyoo, na bibi atakuwa amepoteza fedha zake.