Mji wa Malango Mengi

Ukishuka stendi mjini Kakamega ukamwambia mtu wa bodaboda akupeleke Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, hataulizia njia. Atashika barabara ya Webuye na kukuteremsha langoni. Lakini siku mtakapofika Oxford, wajukuu wangu, kule Uingereza, mkauliza chuo kikuu kiko wapi, mwenyeji atawaonyesha huku, kisha kule, kisha nyuma yenu. Hakina lango moja. Mji na chuo vimechanganyika kama mahindi na maharagwe katika githeri.

Oxford iko kilomita 90 hivi kutoka London. Walimu walikuwa wakifundisha hapo tangu mwaka 1096, na wanafunzi wakazidi kumiminika baada ya 1167, Mfalme Henry wa Pili alipowakataza Waingereza kwenda kusoma Paris. Chuo kikakua kidogo kidogo. Kundi moja la walimu na wanafunzi lilijenga mabweni, ukumbi wa kulia, kanisa na bustani, likazungusha ukuta. Kundi jingine likafanya vivyo hivyo jirani. Leo koleji hizo ni zaidi ya 30, na katikati yake kuna maduka, soko, vituo vya basi na nyumba za watu. Kila koleji ina lango lake na bawabu wake. Baadhi huwatoza wageni kiingilio, kama Christ Church, yenye ule ukumbi uliowapa watengenezaji wa filamu za Harry Potter mfano wa ukumbi wao.

Na kuta hizo zote, zilikuwa za kuzuia nini? Hapa ndipo penye kisa.

Fahali wawili hawakai zizi moja, na katika Oxford ya zamani fahali hao walikuwa wanafunzi na wenyeji. Waligombana juu ya kodi ya vyumba, bei ya mkate, bei ya pombe. Mwaka 1209 ugomvi ulikuwa mkali hata baadhi ya walimu na wanafunzi wakakimbia, na huko walikokimbilia wakaanzisha Chuo Kikuu cha Cambridge. Kisha ikaja Februari 10, 1355. Wanafunzi walikuwa wakinywa katika kilabu kimoja kwenye njia panda iitwayo Carfax. Wakasema mvinyo ni mbovu. Mwenye kilabu akajibu kwa ukali, nao wakammwagia mvinyo na kumpiga. Wenyeji wakapiga kengele ya Kanisa la Mtakatifu Martin kuitana. Wanafunzi wakapiga ya Kanisa la Mtakatifu Mary. Watu wa vijijini wakaingia mjini na pinde na mishale. Fujo zilipotulia, inasemekana wanafunzi 63 walikuwa wamekufa, na wenyeji kama 30.

Mfalme wa wakati huo aliupendelea upande wa chuo. Kila mwaka, tarehe ile ile, meya na wakuu wa mji walilazimika kwenda kanisani kuomba msamaha na kulipa peni 63, moja kwa kila mwanafunzi aliyeuawa. Adhabu hiyo iliendelea hadi 1825, meya mmoja alipokataa katakata. Nadhani alifanya vyema, kwa maana wajukuu wa wajukuu wa wale wapiganaji walikuwa wamekwisha kuzikwa zamani. Mnara wa Kanisa la Martin bado umesimama pale Carfax, na wageni hupanda juu kuutazama mji.

Ukiwa Oxford usiku, tega sikio. Saa tatu na dakika tano, kengele kubwa ya Christ Church, waliyoipa jina Great Tom, hulia mara 101. Zamani ilikuwa ishara ya kufunga malango, na mlio mmoja ulikuwa wa kila mwanafunzi wa koleji hiyo. Lakini kwa nini dakika tano baada ya saa? Nyinyi mnajua kwamba jua hutangulia kuchomoza Mombasa kabla ya kufika kwetu Kakamega. Likifuatwa jua lenyewe, sisi tuko nyuma yao karibu dakika 20. Oxford nayo iko magharibi ya Greenwich, mahali ambapo Waingereza walipachagua kuwa kipimo cha saa ya nchi yao nzima. Jua la Oxford huchelewa dakika tano. Saa za nchi zilipounganishwa, kengele ilikataa kubadilika.

Si wenyeji peke yao waliofungiwa milango. Mwaka 1645 Mfalme Charles wa Kwanza aliomba kuazima kitabu katika maktaba ya Bodleian, iliyofunguliwa 1602, akaambiwa kwamba vitabu havitoki. Hilo nalisifu. Lisilosifika ni la wasichana: walianza kusoma Oxford 1879, wakafanya mitihani na kufaulu, na hadi 1920 wakawa wanarudi nyumbani bila shahada. Miaka 41 ya kazi ya akili ya watu, bila shahada ya kuonyesha.

Sasa nitawaambia juu ya fundi wa baiskeli, kwa kuwa hapa kwetu mafundi hao mnawaona kila siku wakiziba pancha chini ya mti. William Morris alianza kutengeneza baiskeli Oxford mwaka 1893, akiwa na miaka 16, nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Mwaka 1913 akatoa gari lake la kwanza, na kiwanda chake cha Cowley kikawaajiri watu wengi kuliko alivyoota. Alipotajirika alitoa fedha ikaanzishwa koleji ya Nuffield, mwaka 1937. Na ni katika koleji hiyo ambapo Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa, alipata shahada yake ya uzamivu mwaka 1966.

Wanariadha miongoni mwenu nao wana pa kwenda: uwanja wa Iffley Road. Mei 6, 1954, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Roger Bannister alikimbia maili hapo kwa dakika 3 na sekunde 59.4, binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika nne. Faith Kipyegon wetu alijaribu lengo hilo hilo jijini Paris Juni 26, 2025, akamaliza kwa 4:06.42. Hadi siku hiyo hakuna mwanamke aliyekuwa amekimbia maili kwa kasi hiyo.

Mwaka mmoja baada ya Bannister, Tom Mboya alifika Oxford. Alikuwa amesoma Yala, hapo karibu na Luanda, akawa mkaguzi wa afya Nairobi na kiongozi wa wafanyakazi. Hakuingia katika koleji za wenye nasaba. Aliingia Ruskin, chuo kilichoanzishwa 1899 kwa ajili ya wafanyakazi, nje ya chuo kikuu chenyewe. Alirudi 1956, na 1959 ndege ya kwanza aliyoitafutia fedha iliwapeleka Marekani wanafunzi 81.

Kwa hiyo mkifika huko, pigeni picha za Christ Church mkitaka, lakini nendeni pia Walton Street. Ruskin imehama, na koleji nyingine imejenga hapo, ila ukuta wa mbele wa jengo la zamani umeachwa. Unaonekana barabarani, bila kiingilio.