Maji Tuliyookoa Yabaki Mtoni

Wahenga walinena kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali. Methali hii hunijia kila kiangazi ninaposikia kilio cha wakazi wa sehemu za chini za mto Ewaso Ng'iro. Mto huo hupata maji yake kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, ukapitia Laikipia, Samburu na Isiolo kuelekea kinamasi cha Lorian. Nyakati za ukame sehemu zake za chini hukauka, mfugaji akabaki kuchimbua mchanga akiwatafutia ng'ombe wake maji, ilhali huko juu mashamba ya mboga na maua yangali kijani kibichi.

Dawa inayotajwa mara nyingi ni kumfundisha mkulima kunyunyiza maji kwa uangalifu. Sina ubishi na ushauri huo. Mfereji wa udongo hupoteza maji mengi kabla hayajafika shambani. Mabomba ya matone huyafikisha kwenye mizizi, na nyasi zilizotandazwa shinani huhifadhi unyevu. Anayenyunyiza alfajiri au jioni hupoteza machache kuliko anayenyunyiza jua la utosini.

Hata hivyo, kuna swali ambalo aghalabu husahauliwa: maji yaliyookolewa huenda wapi? Mkulima aliyenyunyizia ekari moja, akishapata mabomba ya matone, huweza kulima ekari mbili kwa maji yale yale. Simlaumu; ana karo ya kulipa. Lakini mto haujaongezewa hata tone. Huenda hata umepunjwa, maana baadhi ya maji yaliyovuja mferejini yalirudi mtoni kupitia ardhini, na sasa hunywewa na mimea na kupaa hewani. Mnamo 1865, mwanauchumi Mwingereza William Stanley Jevons alieleza jambo la aina hii alipoonyesha kwamba mitambo iliyotumia makaa ya mawe kwa uangalifu iliongeza matumizi ya makaa hayo badala ya kuyapunguza.

Kwa maoni yangu basi, ufundi pasipo mapatano ni kazi nusu. Wamarakwet wa bonde la Kerio wametuachia somo. Kwa karne kadhaa wameteremsha maji kwa mifereji kutoka milima ya Cherangani, wakagawana kwa zamu baina ya koo, na anayeiba zamu ya mwenzake huadhibiwa. Sheria ya Maji ya 2002, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zilivipa vyama vya watumiaji maji nafasi ya kutekeleza jambo kama hilo. Katika bonde la Ewaso Ng'iro, vyama vya namna hiyo vilikuwa vimeanza hata kabla ya sheria hizo, ili wa juu na wa chini waketi pamoja kupanga zamu kabla ya kushikiana mikuki.

Mkulima atauliza: mabomba nimenunua kwa fedha zangu, mbona niwaachie wengine faida? Swali lake ni la haki. Jibu ni kwamba mabomba ni yake, bali mto si wake peke yake. Asaidiwe kuchimba bwawa la kuhifadhi maji ya masika, ili kiangazi asiuguse mto. Naye akubali kipimo pale anapotekea, na asilime hadi ukingoni mwa mto.

Walimu wenzangu katika kazi hii ya kuelimisha, bustani ya shule yatosha kuwa darasa. Wanafunzi na wapime ndoo zinazotumika kabla na baada ya kutandaza nyasi. Wakishapata tofauti, waulizwe swali lile lile: ndoo zilizosalia zimekwenda wapi? Atakayejua kulijibu ataweza kesho kuketi katika baraza la mto na kutetea haki ya jirani ambaye hajawahi kumwona.