Kutibiwa au Kuzikwa

"Mzee, hii umeileta kutibiwa au kuzikwa?"

Fundi aliniuliza hivyo kabla sijamaliza kufungua kamba ya kiroba. Ndani ya kiroba mlikuwa na blanketi, na ndani ya blanketi redio yangu ya upepo, ya Kijapani, inayokaribia miaka arobaini. Nilikuwa nimetoka nayo kisiwani Goziba kwa boti, nikaipakata hadi Bukoba kama mtoto mwenye homa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: kusikia inasikia vizuri, lakini ukibonyeza kitufe ili uongee, taa zinafifia na redio inazimika.

Watu huniuliza redio ya nini siku hizi za simu. Simu haiendi mbali na mnara wake. Redio ya masafa mafupi haihitaji mnara. Mita 20 za waya zilizokatwa katikati, zikatundikwa chini chini kati ya miti miwili, hurusha mawimbi ya megahezi 7 karibu wima. Yakifika kwenye tabaka la hewa lenye chembe za umeme, kilomita mia mbili na zaidi juu yetu, yanarudi chini na kuanguka Bukoba, Muleba na Mwanza. Na kisiwani kuna jambo la kusikilizia. Usiku upepo wa nchi kavu hushuka ziwani kutoka pande zote, hukutana katikati, hupanda juu na kuzaa radi za alfajiri, saa zile zile wavuvi wa dagaa wako nje na taa zao. Mradi wa HIGHWAY wa kati ya 2017 na 2021 ulishughulikia hilo hilo: utabiri wa hali mbaya ya hewa kwa watu wa Ziwa Viktoria. (Leseni ya redio ya ridhaa, yenye herufi za mwito zinazoanza na 5H, hutolewa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, na si ya kuulizia bei ya sangara. Anayetaka biashara aombe leseni nyingine.)

Fundi alifungua skrubu, akanyanyua mfuniko, akacheka. Chini ya feni kulikuwa na kitu kama majivu meusi: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kwa makundi kama moshi. Wameingia kwenye matundu ya hewa mwaka baada ya mwaka, wakakauka humo. Alipowafuta kwa brashi walijaza kiberiti kizima. Nilikuwa natarajia kutu, lakini ziwa letu halina chumvi, na shaba ya ndani ilikuwa bado inang'aa. Redio iliyokaa pwani ya Tanga kwa muda huo ingekuwa na habari nyingine.

Kisha akaiunganisha na umeme wa volti 13.8 wa pale mezani, akaweka rezista kubwa mahali pa antena ili ipokee nguvu na kuigeuza joto, akabonyeza. Wati 90, bila kusita. Haikuwa mgonjwa.

"Kule unatumia waya gani kutoka kwenye betri?"

Nikamwambia: waya wa kawaida wa nyumba, wa milimita za mraba 2.5, mita tano kutoka betri ya sola hadi mezani. Akaandika hesabu nyuma ya risiti. Mita tano kwenda na tano kurudi, ukinzani wake ni karibu omu 0.07. Redio ikirusha kwa nguvu zote huvuta ampea 20. Basi volti 1.4 zinapotelea njiani. Betri yenye volti 12.4 inaifikishia redio volti 11, na redio imeundwa kwa volti zisizopungua 11.7. Waya wa milimita za mraba 10 ungepoteza theluthi moja tu ya volti. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuulizia bei ya redio mpya, zaidi ya dola 1,000, kwa ajili ya kosa la waya, na redio hiyo mpya ingezimika vile vile.

Hakuishia hapo, na alifanya vizuri. Umri wa redio hupimwa kwenye kapasita zake za elektroliti, vile vikopo vidogo vyenye majimaji ndani. Majimaji hukauka kwa joto. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zikipungua, maisha ya kikopo huongezeka maradufu. Kilichoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 kitadumu saa 32,000 kwa nyuzi 65, joto linalofikiwa ndani ya boksi la chuma chini ya bati la Goziba. Kwa saa tatu kila siku, hiyo ni miaka 29. Yangu imepitiliza. Alibadilisha vikopo kumi na vinne. Ule mvumo uliokuwa nyuma ya sauti, ambao nilishauzoea nikidhani ni hewa, ukanyamaza.

Kinachonisumbua ni vitu visivyouzwa tena. Vikopo vinapatikana popote. Lakini kuna redio za miaka ya 1980, Icom IC-751 ikiwa mojawapo, ambazo maagizo ya kuziendesha hukaa kwenye kumbukumbu inayolindwa na betri ndogo. Betri hiyo ikiisha, redio inasahau kila kitu. Transista za kurushia aina ya 2SC2879 Toshiba iliacha kuzitengeneza, na bandia zimejaa sokoni. Redio mpya kama IC-7300 ya mwaka 2016 nazo zina lao: mawimbi hugeuzwa tarakimu mapema, kazi nyingi zikafanywa na chipu chache, na chipu kuu ikifa unabadilisha ubao mzima. Yangu fundi aliifuata hatua kwa hatua kwa mita ya mkononi.

Wakati ananifungia blanketi nilimuuliza, transista za kurushia zikiungua je?

"Hapo usinipigie," alisema. "Ukipata mbili halisi, zilete tuziweke. Ukipata za mtaani, nunua redio mpya, hii uniachie mimi nichukue vipuri."

Nilipitia dukani, nikanunua mita kumi za waya wa milimita 10.