Bei Nafuu Hutoka Wapi: Maduka ya Punguzo na Safari ya Mali hadi Bukundi

Duka la punguzo haliuzi rahisi kwa sababu mwenyewe ana huruma kuliko wenzake, wala si lazima mali yake iwe hafifu. Msingi wake ni mzunguko, yaani kasi ambayo bidhaa hutoka rafuni na fedha hurudi kununua nyingine. Mfanyabiashara mwenye mtaji wa shilingi 1,000,000 anayeweka faida ya asilimia 20 na kumaliza mali yake mara 6 kwa mwaka hupata faida ghafi ya shilingi 1,200,000, ilhali mwenye mtaji kama huo anayeridhika na asilimia 5, lakini mali yake ikaisha kila wiki, hupata 2,600,000, na mnunuzi wake akawa amelipa kidogo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyowainua ndugu Karl na Theo Albrecht wa Ujerumani, ambao duka la mama yao, lililofunguliwa mjini Essen mwaka 1913, walilikuza baada ya Vita Kuu ya Pili likawa Aldi, maduka mengi yanayonunua kwa pamoja, na kwa hiyo yenye sauti mbele ya viwanda. Waliuza aina chache za bidhaa zinazotoka kila siku, wakaziacha katika maboksi yake ili kupunguza kazi na mishahara. Nchini Marekani, Sam Walton alifungua Walmart ya kwanza mwaka 1962 katika mji mdogo wa Rogers, Arkansas, akaendelea kufuata miji ambayo wafanyabiashara wakubwa waliipuuza, ila akiyaweka maduka karibu na ghala kiasi cha lori kuyafikia bila safari ndefu.

Walton alianzia miji midogo. Nchini Tanzania, maduka ya namna hii yalianzia mijini yakaishia mijini. Game, duka la kampuni ya Massmart ya Afrika Kusini, ambayo Walmart ilinunua sehemu kubwa ya hisa zake mwaka 2011, lilikuwa Mlimani City jijini Dar es Salaam, nalo lilifungwa mwaka 2022. Nakumatt ya Kenya, iliyochukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania mwaka 2014, ilielemewa na madeni ya wasambazaji hadi mahakama ya Kenya ikaiweka chini ya msimamizi Januari 2018. Mali kauli, yaani kuchukua bidhaa kwanza na kulipa ukishauza, hulipa duka nguvu pale tu mauzo yanapokuwa ya haraka. Yakizorota, deni hukua huku rafu zikipungua.

Katika kata ya Bukundi, wilayani Meatu, kikwazo kikubwa ni namna fedha inavyoingia. Mkulima wa pamba hulipwa katika msimu wa mauzo, na mfugaji hupata fedha siku anapouza mbuzi au ng'ombe, hivyo duka kubwa lenye mishahara na umeme wa kulipia kila mwezi lingengoja wateja kwa miezi mingi. Mnada hutatua tatizo hilo kwa namna ya kupendeza: wachuuzi huja na Fuso siku ambayo mifugo inauzwa, hutandika turubai, huuza sabuni, vitenge na mitumba pale pale fedha ilipo, kisha huhamia mnada mwingine bila kulipia pango la siku zilizobaki. Huo nao ni mzunguko, isipokuwa hapa duka ndilo linalotembea.

Baada ya siku ya mnada hubaki duka la kijijini, ambako mafuta ya kula hutolewa kwenye dumu kwa kipimo kidogo na sukari huuzwa kwa robo kilo. Kipimo hicho humwezesha mama mwenye sarafu chache kupika jioni hiyo hiyo, lakini ukijumlisha vipimo vinavyojaza lita moja, mara nyingi amelipa zaidi ya aliyenunua dumu zima. Ni jambo la kusikitisha kwamba mwenye kidogo ndiye hulipa zaidi, na lawama haimwangukii muuza duka peke yake, kwa kuwa naye hununua mali kidogo kidogo na kulipia nauli ya kila mzigo.

Serikali iliwahi kujaribu njia nyingine mwaka 1976 kwa Operesheni Maduka, ilipoamuru maduka ya watu binafsi vijijini yapishe maduka ya ushirika, lakini bei iliyopangwa haikumfaa mtu ambaye sabuni haikumfikia. Kinachoweza kusaidia Bukundi ni ununuzi wa pamoja: wenye maduka kumi wakiagiza mafuta, sukari na chumvi kwa lori moja kutoka kwa muuzaji wa jumla, nauli ya kila dumu hushuka kabla hata halijafunguliwa.