Kiungulia Tusikizoee

Wengi wetu hula ugali wa kushiba usiku na kulala papo hapo, kisha kifua huwaka moto. Hicho ni kiungulia: tindikali ya tumbo imepanda kwenye umio. Tule kiasi, tupunguze mafuta, pombe na sigara, tukae muda wa saa 3 kabla ya kulala, na kitanda tukiinue kwa matofali upande wa kichwani.

Tumbo likiuma, tusimeze aspirini. Huchubua utando wa tumbo. Vidonda vya tumbo vingi huletwa na bakteria waliogunduliwa Australia mwaka 1982, navyo hupona kwa dawa za hospitali.

Choo kikiwa cheusi kama lami, tukitapika damu, au chakula kikikwama kooni, tusingoje kesho. Twende hospitali.