Mzazi anayefanya kazi mochwari naye anahitaji kupewa pole

Mwalimu akiuliza darasani wazazi wanafanya kazi gani, wapo watoto wanaojibu kwa kifupi: "Baba yuko hospitali." Wamefundishwa nyumbani kujibu hivyo. Baba ni mhudumu wa mochwari, na anahofia mwanawe atatengwa na wenzake.

Usiri huo humlinda mtoto kwa muda, lakini humwelemea mzazi. Mtu anayeosha, kuvalisha na kuhifadhi miili ya marehemu hukutana na msiba kila zamu. Nyumbani hasemi. Mtaani nako, wapo wanaosita hata kumpa mkono. Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Yeye si mfiwa, hivyo hakuna anayekumbuka kumwambia pole.

Wanaoyajua anayopitia ni wenzake wa kazini. Ndiyo maana msaada unapaswa kuanzia huko.

Ruhusa ya kusema "huu siwezi"

Mwili unaoumiza zaidi ni wa mtoto aliye na umri sawa na wa kwako, au wa mtu unayemfahamu. Kiongozi mwenye busara huweka utaratibu mapema: mhudumu akisema "huu siwezi", mwenzake anapokea bila maswali wala kejeli. Anayetoa machozi hachekwi kwamba hajazoea.

Mgeni wa kazi naye asiachwe peke yake usiku. Awekwe na mzoefu hadi atakapojiamini.

Kabla ya kuondoka, dakika 15 za kukaa pamoja zinatosha kila mmoja kusema siku ilikuwaje. Asiyepata pa kusemea huweza kukimbilia pombe, au kuhamishia hasira kwa mke na watoto.

Kujali ni pamoja na glavu

Maneno mazuri bila vifaa hayatoshi. Dawa ya kuhifadhia miili, fomalini, huwasha macho na koo, na kemikali iliyomo imethibitishwa kusababisha saratani. Chumba kinahitaji hewa ya kutosha, na mhudumu anahitaji glavu, aproni, buti, barakoa inayofaa na mahali pa kuoga kabla ya kurudi kwa familia yake.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo kwa kawaida watu wazima hupewa dozi tatu, ni kinga nyingine muhimu. Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake. Anayeomba glavu anadai haki yake, hana ukorofi.

Nyumbani nako

Mwenza anaweza kusaidia bila kudadisi. Mwache apumzike kidogo anapoingia, kisha muulize, "Leo ilikuwa nzito?" Akitaka kunyamaza, mwache. Siku nyingine atasema. Lakini akikosa usingizi, akiota ndoto za kutisha au akijitenga kwa wiki kadhaa, msindikize kwa mshauri nasaha au daktari.

Watoto nao waambiwe ukweli unaolingana na umri wao: "Baba huwaandaa waliofariki, ili ndugu zao wawaage kwa heshima." Mtoto aliyeelezwa hivyo ana jibu la kumpa mwalimu, na hana sababu ya kuinamisha kichwa.