Binti Yako Akikosa Siku Zake

Likizo iliyopita mama mmoja wa hapa Kolo alinifuata baada ya ibada, uso umemshuka. Binti yake, mwanafunzi wa chuo Dodoma mjini, alikuwa hajaona siku zake kwa miezi minne. "Dada nesi, mwanangu amenitia aibu," aliniambia. Binti alikuwa amekwisha kusemwa hata chakula hakimpiti.

Tulipompima, hakuwa na mimba. Nilipokaa naye peke yake, alinieleza kuwa tangu avunje ungo hedhi yake haikuwa na mpangilio. Ndevu chache za kidevuni alizinyoa kwa siri. Na ule weusi wa shingoni, ambao mama yake aliudhania uchafu na kumwamuru ausugue kwa dodoki, haukutoka kamwe. Nikawashauri waende hospitali, na huko tatizo likajulikana.

Kitaalamu huitwa sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa huwapata wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi wao hawajijui. Ovari hutoa homoni za kiume kupita kiasi na yai halipevuki kila mwezi. Hapo hedhi huadimika, chunusi huzidi, na nywele huota usoni. Vifuko hivyo si saratani wala si uvimbe wa kukatwa.

Ni nani yuko hatarini zaidi? Ni binti ambaye mama au dada yake analo, au ambaye katika ukoo wake kuna kisukari. Unene nao huchochea, kwa kuwa mwili ukishindwa kuitumia vema insulini, ovari huzidi kutoa homoni za kiume. Nyumbani binti huchota maji, hulima, hula ugali wa mtama kwa mlenda. Chuoni hukaa kutwa darasani, usiku hula chipsi na soda. Hata hivyo, wembamba pia hupata tatizo hili. Kwa hiyo tusiseme amejitakia.

Mpeleke hospitali ikiwa miaka 3 imepita tangu avunje ungo na hedhi hazifiki 8 kwa mwaka, au akipitisha siku 90 bila kuona. Atapimwa mimba, homoni, tezi ya shingo, sukari na shinikizo la damu. Tatizo haliishi kabisa, lakini hutulizwa. Mwenye unene wa kilo 80 akipunguza hata 4, hedhi huweza kurudi. Akipewa vidonge vya uzazi wa mpango, usishtuke. Hapa ni dawa ya kurekebisha hedhi. Asipotibiwa, kisukari huweza kumpata, na baada ya miaka mingi hata saratani ya mji wa mimba.

Wala usimwite tasa. Wengi huzaa, wengine kwa kusaidiwa na dawa za kupevusha yai.

Kina mama wenzangu, kuhani Eli alimwona Hana akiomba, akamdhania amelewa. Alipomsikiliza, akambariki. Yule mama wa Kolo alimwomba binti yake msamaha mbele yangu, wakalia wote wawili. Nasi tuwasikilize mabinti zetu kabla ya kuwahukumu.